Kompyuta Nyumbani: Sura ya mzee na printa iliyoikataa

Leo tuzungumze juu ya picha. Si zile za rangi zinazojaza simu yako kila kukicha, bali zile za kijivu ambazo wengi wetu tumezoea kuziita nyeusi na nyeupe. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba sehemu zilizo nyeusi kabisa au nyeupe kabisa ni chache mno ndani yake. Kilichonichokoza ni barua ya mama mmoja wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi.

Mama huyu anauza asali. Asali yenyewe hutoka Mwingi, kwenye mizinga aliyoiacha marehemu babake. Lebo za chupa anazichapa mwenyewe nyumbani kwa printa ndogo ya joto aliyoinunua mitumba kutoka kwa ofisi moja iliyokuwa ikifungwa. Jina la asali, uzani na tarehe vyote hutoka sawasawa. Sasa anataka sura ya babake iwe kwenye lebo, kwani wateja wake wa zamani walimjua mzee huyo kabla ya kumjua yeye. Ana picha moja tu ya babake, ya studio, ukubwa wa kiganja, mzee amevaa kofia na koti.

Mwanawe, ambaye ni mwanafunzi wa chuo, aliipitisha picha hiyo kwenye skana, akaituma kwa printa. Printa ikatoa lebo tatu tupu. Wakaenda kwa fundi. Fundi akaibadilisha picha kwa njia anazozijua mwenyewe, akaichapa, na mzee akatokea kama doa jeusi lenye kofia nyeupe. "Huyo si baba," mama ameandika. Fundi akamaliza kwa kusema kuwa printa imezeeka na anunue nyingine. Swali la mama ni moja: aitupe?

Asiitupe. Printa hiyo ni nzima, ila inataka kusemeshwa kwa lugha yake, na lugha hiyo ni ya zamani kidogo.

LUGHA YA PRINTA

Kwa jina la mashine alilolitaja, printa yake ni ya ukoo wa Eltron, kampuni ya Marekani ambayo Zebra iliichukua mwaka 1998. Printa za ukoo huo hufuata lugha ya maagizo inayoitwa EPL. Maandishi ya kawaida huzipa taabu kidogo sana. Lakini ukitaka kuhifadhi picha ndani ya kumbukumbu ya printa ili uiite kila unapochapa lebo, EPL inataka faili la aina moja, nalo ni PCX. JPEG ya simu haiijui, wala PNG. Tena si PCX yoyote, bali ile ya biti moja, yaani kila nukta ni nyeusi au nyeupe, basi.

Waliosomea kompyuta enzi za DOS watalikumbuka jina PCX. Lilitoka kwa kampuni ya ZSoft ya jimbo la Georgia, Marekani, iliyounda programu ya kuchora iitwayo PC Paintbrush katika miaka ya themanini. Microsoft walipotoa Windows 3.0 mwaka 1990, programu ya kuchora iliyokuja nayo, Paintbrush, ilikuwa kazi ya ZSoft hao hao, na iliweza kuhifadhi picha kama PCX. Kwa muda fulani karibu kila skana na kila programu ya faksi ilijua PCX. Hata kurasa nyingi za faksi zilifungwa pamoja katika faili la DCX, ambalo kwa ndani si kitu ila PCX kadhaa zilizopangwa moja baada ya nyingine.

Kisha dunia ikahama. GIF, JPEG na PNG zikachukua nafasi, na PCX ikabaki pale ilipokuwa imejengwa ndani ya vyuma: kwenye printa za lebo, kwenye mashine za viwandani, na kwenye michezo ya zamani ya kompyuta. Chuma hakisomi magazeti. Printa iliyofundishwa PCX kiwandani itaendelea kudai PCX mpaka siku itakapokufa.

KIJIVU NI NINI?

Kabla hatujaibadilisha picha ya mzee, sharti tujue imeundwaje. Picha ya kijivu ndani ya kompyuta, au tarakilishi kama walimu wetu wa Kiswahili wanavyotaka tuiite, ni jedwali la namba. Kila nukta ina namba moja kutoka 0 hadi 255. Sufuri ni weusi kabisa, 255 ni weupe kabisa, na katikati mna vivuli vyote vya kijivu. Namba moja ya aina hii hukaa katika baiti moja, na baiti ina biti nane. Ndiyo sababu picha hizi huitwa za biti nane.

Kama ulianza na picha ya rangi, kompyuta huupata ukijivu kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, lakini haichanganyi kwa usawa. Mizani iliyozoeleka ni 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya bluu, kwa sababu jicho la binadamu huona mwangaza wa kijani zaidi ya ule wa bluu. Na hapa nimpe kijana wa mama huyu siri moja ndogo. Picha za studio za zamani hupata madoa ya manjano. Ukiipitisha picha kwenye skana kwa rangi, kisha ukachukua sehemu ya nyekundu peke yake na kuifanya ndiyo picha yako ya kijivu, madoa ya manjano hufifia sana. Ukichukua ile ya bluu, yatajitokeza kama vidonda.

Sasa shida yenyewe. Printa ya joto haina wino wa kijivu. Ina safu ya vichwa vidogo vinavyopata moto, na karatasi inayogeuka nyeusi inapochomwa. Nukta imechomwa au haikuchomwa. Namba 80 au 170 haina maana kwake.

Fundi alifanya jambo ambalo programu nyingi hufanya zikiachiwa hiari: kuchora mpaka katikati. Kila nukta iliyo chini ya 128 ikawa nyeusi, na kila iliyo 128 au zaidi ikawa nyeupe. Kwa maandishi au muhuri hilo linafaa kabisa. Kwa uso wa mtu ni balaa, na kwa ngozi zetu ni balaa mara mbili. Uso wa mzee mweusi katika picha ya studio ya zamani unaweza kukaa wote kati ya 40 na 110. Macho, mashavu, mikunjo ya paji la uso, yote yamo upande mmoja wa mpaka. Ukikata kwenye 128, uso mzima unakwenda kwenye weusi. Kofia iliyokuwa na mwanga wa taa ya studio inabaki nyeupe. Hilo ndilo doa lenye kofia alilorudishiwa mama.

TAZAMA GAZETI HILI

Dawa unayo mikononi. Chukua lenzi ya kukuzia, au hata kamera ya simu iliyo karibu sana, utazame picha yoyote isiyo na rangi katika gazeti. Hutaona kijivu. Utaona madoa meusi kwenye karatasi nyeupe, makubwa penye giza na madogo penye mwanga. Ukirudi nyuma, jicho huyachanganya na kukuambia kuwa umeona kijivu.

Kompyuta hufanya hila hiyo hiyo kwa nukta zilizo sawa kwa ukubwa ila zilizotawanywa kwa wingi tofauti. Njia inayotumika zaidi ilichapishwa mwaka 1976 na Robert Floyd na Louis Steinberg, na mpaka leo inabeba majina yao. Wanafunzi, hii ni hesabu ya shule ya msingi, hebu tuifanye.

Tuseme nukta ina namba 80. Iko chini ya 128, kwa hiyo inageuzwa kuwa nyeusi, yaani 0. Lakini kwa kufanya hivyo tumenyang'anya picha mwangaza wa 80. Floyd na Steinberg wanasema deni hilo lisipotee, ligawiwe majirani ambao bado hawajashughulikiwa. Jirani wa kulia apewe sehemu 7 kati ya 16, yaani 35. Wa chini kushoto apewe 3 kati ya 16, yaani 15. Wa chini moja kwa moja apewe 5 kati ya 16, yaani 25. Na wa chini kulia apewe 1 kati ya 16, yaani 5. Jumlisha: 80. Sasa jirani wa kulia, ambaye pengine naye alikuwa 80, amekuwa 115. Bado hajavuka mpaka, kwa hiyo anakuwa mweusi na kumsukumia deni kubwa zaidi anayefuata: 7 kati ya 16 za 115 ni kama 50, na 80 ukiongeza 50 ni 130. Huyo anavuka, anakuwa mweupe. Kwa njia hii shavu la mzee lililo kati ya giza na mwanga linapata nukta nyeupe chache miongoni mwa nyeusi, na paji la uso lililong'aa kidogo linapata nyingi zaidi. Sura inarudi.

Nimetumia muda mrefu hapa kwa sababu hapa ndipo picha inapookoka au kupotea. Mengine yaliyobaki ni uangalifu tu.

KUTENGENEZA KABLA YA KUBADILISHA

Kazi ya kwanza ni kuhifadhi nakala safi. Ipitishe picha kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, uihifadhi kama TIFF au PNG, ambazo hazipotezi kitu. Faili hilo usiliguse tena. Fanyia kazi nakala yake. Faili la biti moja likishatengenezwa halirudi nyuma: ukijaribu kulifanya kijivu tena utapata ukungu, si mzee. Na picha hii, mama ametuambia, ni ya pekee.

Kazi ya pili ni kukata. Lebo ya asali haina nafasi ya koti lote, kiti na pazia la studio. Kata kutoka juu ya kofia hadi mabegani, mraba. Ikiwezekana futa yaliyo nyuma yake yawe meupe kabisa.

Ya tatu ni kuvuta mwanga. Katika programu kama GIMP, ambayo ni ya bure hata kwa biashara, fungua mahali pa kurekebisha viwango vya mwanga, kisha ukunjue ule uso uliojibana kati ya 40 na 110 uenee hadi karibu 60 na 200. Kofia itapoteza baadhi ya vivuli vyake, iache ipoteze. Anayetafutwa na mteja ni mzee, si kofia. Tena kumbuka kwamba joto la printa husambaa kidogo kando ya nukta, kwa hiyo kilicho cheusi kwenye kioo cha kompyuta hutoka cheusi zaidi kwenye lebo. Picha iliyo tayari kwa printa ya joto huonekana imefifia kidogo machoni pa kompyuta.

Ya nne ni ukubwa, na hapa watu wengi huharibu. Printa za aina hii huchapa nukta 203 kwa inchi, ambazo ni karibu sana na nukta 8 kwa milimita. Mama anataka picha ya sentimita tatu kila upande. Milimita 30 mara 8 ni nukta 240. Basi picha iwe 240 kwa 240, si zaidi wala si pungufu. Na ipunguzwe ikiwa bado ya kijivu, kisha ndipo nukta zitawanywe. Ukitawanya nukta kwanza halafu ukapunguza, zile nukta zilizopangwa kwa hesabu zitasagana na utapata michirizi kama ya kitambaa cha kitenge kilichofuliwa vibaya.

Nimechagua 240 kwa sababu nyingine pia. PCX hutaka kila mstari wa picha ujaze idadi shufwa ya baiti. Kwa biti moja kwa nukta, nukta 240 ni baiti 30 kamili. Upana ukigawanyika kwa 16 bila baki, huna wasiwasi. Ukichagua, tuseme, 250, programu italazimika kujazia nukta za uongo mwishoni mwa mstari, na printa nyingine huzichapa kama mstari mweusi wa pembeni.

KUBADILISHA

Ziko programu kadhaa. IrfanView, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, husoma na kuandika PCX, ila ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani tu. Anayeuza asali anapaswa kuilipia. Mimi ningemshauri kijana atumie ImageMagick, ambayo haina sharti hilo. Haina sura ya kupendeza, ni kuandika maagizo kama enzi za DOS, lakini agizo lenyewe ni mstari mmoja:

magick mzee.png -resize 240x240 -monochrome mzee.pcx

Yaani, chukua picha ya kijivu uliyokwisha kuitengeneza, ipunguze, igeuze nukta nyeusi na nyeupe (kutawanya nukta hufanyika kwenyewe hapo), kisha iandike kama PCX. Anayesomea Python anaweza kufanya vivyo hivyo kwa maktaba ya Pillow, ambayo nayo hutumia njia ya Floyd na Steinberg inapogeuza picha kuwa ya biti moja.

Ziko programu nyingine, tena maarufu, zinazoweza kukuhadaa. Unaiambia picha iwe na rangi mbili tu, inatii, kwenye kioo unaona nyeusi na nyeupe, lakini inapoandika PCX inaweka baiti nzima kwa kila nukta. Printa haitaki hivyo. Namna ya kumkamata mwongo ni kutazama ukubwa wa faili. Picha yetu ya biti moja ina mistari 240 ya baiti 30, ambazo ni baiti 7,200. Ongeza baiti 128 za kichwa cha faili, 7,328. Hilo ni kabla ya kubanwa, na likibanwa kwa kawaida huwa karibu na hapo au pungufu. Ukiona makumi ya maelfu ya baiti, umepewa biti nane.

Kwa wanaopenda kuchungulia ndani, fungua faili kwa programu ya kuonyesha baiti moja moja. Ya kwanza ni 10, ambayo ndiyo alama ya PCX tangu siku za ZSoft. Ya pili ni toleo. Ya tatu ni 1, maana yake faili limebanwa. Ya nne ndiyo idadi ya biti kwa nukta, na kwa printa yetu lazima iwe 1. Zinazofuata zinataja kona za picha, baiti mbili kwa kila kipimo, ile ndogo ikitangulia. Utaona 239 na 0, tena 239 na 0. Usidhani nukta moja imeibwa. Kuhesabu kumeanzia sufuri, kwa hiyo 0 hadi 239 ni nukta 240.

KUBANA KUNAKONENEPESHA

Hapa niruhusu nichepuke kidogo, kwani wanafunzi wamewahi kuniuliza kwa nini picha yao ya kijivu ya biti nane ilikuwa kubwa zaidi baada ya "kubanwa" na PCX.

PCX hubana kwa kuhesabu marudio. Nukta 20 zenye kijivu cha 90 zikifuatana, faili halitaandika 90 mara ishirini. Litaandika 212 kisha 90. Hiyo 212 ni 192 ukiongeza 20. Namba yoyote kuanzia 192 kwenda juu ni ishara: toa 192 upate idadi ya marudio, na idadi hiyo haiwezi kupita 63. Nukta moja ya 90 iliyo peke yake huandikwa 90 tu, baiti moja.

Je, nukta moja iliyo peke yake yenye kijivu cha 230? Haiwezi kuandikwa 230, kwa kuwa msomaji wa faili angedhani ni ishara ya marudio. Lazima iandikwe 193, yaani "mara moja", kisha 230. Baiti mbili kwa nukta moja. Sasa fikiria picha ya harusi mchana kweupe, au ukuta mweupe nyuma ya mzee, ambao skana imeuona kama 228, 231, 229, 233, kwa sababu karatasi ya zamani ina chembechembe. Hakuna inayorudia, na zote zimepita 192. Picha ya 240 kwa 240 ya kijivu ni baiti 57,600. Kwa hali mbaya kabisa PCX itaifanya 115,200. Waliobuni njia hii walikuwa na michoro mbele yao, yenye maeneo mapana ya rangi moja, na kwa michoro inafanya kazi vizuri sana. Ndiyo maana nilisema yaliyo nyuma ya mzee yafutwe yawe meupe kabisa. Mstari mzima mweupe wa biti moja, baiti 30, unakuwa baiti mbili tu: 222 na 255.

Jambo jingine kwa wenye kuhitaji PCX ya kijivu ya biti nane, mathalani kwa programu za zamani au michezo kama Quake II ya mwaka 1997, ambayo mavazi ya wachezaji wake ni mafaili ya PCX. Katika aina hiyo, namba ya nukta si rangi, ni nafasi katika orodha ya rangi 256. Kichwa cha faili kina nafasi ya rangi 16 tu, kwa hiyo orodha ndefu imewekwa mkiani: baiti moja ya 12, kisha baiti 768, tatu kwa kila rangi. Katika picha ya kijivu orodha hiyo ni rahisi: 0,0,0 kisha 1,1,1 na kuendelea hadi 255. Lakini ukiipeleka kwa mchezo wenye orodha yake mwenyewe, kijivu cha 90 kitasomwa kama rangi ya tisini ya mchezo, na mtu wako atatoka na uso wa kijani. Na ukiitazama picha kwenye kompyuta ya DOS yenye VGA, kifaa cha IBM cha mwaka 1987, utaona vivuli 64 tu vya kijivu badala ya 256, kwa vile VGA ilitumia biti sita kwa kila rangi. Faili halina kosa hapo.

KUITUMA

Turudi Umoja. Faili la PCX haliburutwi tu kwenye printa. Linatanguliwa na agizo. Andika faili dogo la maandishi, tuliite agizo.txt, lenye mistari hii, na mstari wa mwisho ufungwe kwa kitufe cha kuingiza:

GK"MZEE"
GK"MZEE"
GM"MZEE"7328

GK hufuta picha ya zamani yenye jina hilo kama ipo. GM huiambia printa ipokee picha mpya, na namba inayofuata ni ukubwa wa faili lako la PCX kwa baiti. Weka ukubwa halisi wa faili lako, si wa mfano wangu. Ukitaja nyingi kuliko zilizopo, printa itakaa ikingoja zilizobaki na utadhani imekufa. Kisha unganisha:

copy /b agizo.txt+mzee.pcx tuma.prn

Hiyo /b usiisahau. Bila hiyo, Windows huyachukulia mafaili kama maandishi na kusimama inapokuta baiti ya 26, ambayo zamani ilikuwa alama ya mwisho wa maandishi. Katika picha, 26 inaweza kuwa sehemu ya sikio la mzee. Faili la tuma.prn ndilo linalopelekwa kwa printa, mara moja tu. Baada ya hapo, ndani ya lebo yako unaongeza mstari GG40,16,"MZEE" nayo picha itachapwa milimita 5 kutoka kushoto na 2 kutoka juu. Ikitokea mzee ametoka kama negativu ya filamu, nyeupe mahali pa nyeusi, rudi kwenye ImageMagick uongeze neno -negate kabla ya jina la faili la mwisho.

Mama, umeuliza pia kama faili hili litafaa siku utakaponunua printa mpya. Pengine halitafaa. Printa nyingine za Zebra hutumia lugha ya ZPL, yenye namna yake ya kupokea picha, na nukta kwa inchi zinaweza kuwa 300, kwa hiyo nukta 240 zitakupa picha ya sentimita mbili tu. Siku hiyo utachukua ile nakala ya kijivu iliyokatwa na kuvutwa mwanga, uanzie hapo. Kwa hiyo weka mafaili matatu: la skana, la kijivu lililotengenezwa, na la PCX. Mawili ya kwanza yawekwe pia nje ya kompyuta hiyo, hata kwa dada yako kule Mwingi. Na chupa zisikae juani kutwa nzima, maana lebo zinazogeuka nyeusi kwa joto la printa hazipatani na jua la sokoni.

Anza kwa kuchapa lebo moja. Ibandike kwenye chupa yenye asali ndani, uiweke mezani, urudi nyuma hatua mbili. Macho yakiwa bado mashimo, kijana arudi GIMP, auvute uso juu kidogo, apitishe tena ule mstari mmoja. Uso ukiwa umekwajuka kama wa mgonjwa, aushushe. Huenda mkarudia mara nne au tano, na kila mara ni lebo moja tu inayopotea.